Muulize Mwalimu: Papa akijiuzulu, barua humpa nani?

Mwezi uliopita nilijibu kwa mistari michache swali kuhusu Papa Benedikto XVI na kujiuzulu kwake mwaka 2013. Nilidhani jambo lenyewe limezeeka. Kumbe! Tangu Papa Fransisko afariki Aprili 2025 na Papa Leo XIV achaguliwe Mei, watu wamefukua kila kilichosemwa wakati ule, na simu zao zimewasaidia kufukua hata kisichosemwa. Barua ni nyingi, nimechagua hizi. Walioniuliza kuhusu mahari na mipaka ya mashamba wanivumilie hadi toleo lijalo.

Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni Mwislamu, na jarida hili hunifikia likiwa limeshapita mikono mingi. Swali langu ni la utawala tu, si la dini. Mfanyakazi akiacha kazi humpa barua mkubwa wake. Nahodha akichoka humpa mwenzake usukani, lakini mwenye jahazi lazima ajue. Papa akijiuzulu, barua humpa nani? Na huyu aliyejiuzulu, mbona aliendelea kuvaa nyeupe na kukaa pale pale?
*Mzee wa Langoni, Lamu*

Wa alaykum salaam, mzee wangu, na shikamoo. Umeuliza swali ambalo Wakatoliki wengi hawajawahi kujiuliza.

Hampi mtu. Askofu wa kawaida akifika miaka 75 huandika barua kwa Papa, na Papa anaweza kuikubali, kuikataa, au kuiweka mezani mwaka mzima. Papa mwenyewe hana mkubwa duniani wa kumwandikia. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 332, inataka mambo mawili: ajiuzulu kwa hiari yake, na atangaze ipasavyo. Kisha inaongeza waziwazi kwamba hahitajiki mtu wa kukubali. Mwenye jahazi unayemsema, kwa imani yetu sisi, hangoji barua.

Sheria hiyo ina asili yake, nayo si ya kupendeza. Mwaka 1294 makardinali walikuwa wamebishana zaidi ya miaka miwili bila kupata Papa, wakaishia kumchagua mkaapweke mzee aliyeishi mlimani, Pietro da Morrone. Akaitwa Selestini V. Alikuwa mtu wa sala, si wa mafaili, na Desemba 13 mwaka huo huo akajivua. Aliyemfuata, Bonifasi VIII, aliingiza katika sheria kwamba Papa anaweza kujiuzulu, ili pasiwe na ubishi. Lakini aliogopa watu wasije wakamrudia mzee wao, akamfungia katika ngome ya Fumone, na humo akafa Mei 1296. Baadaye Kanisa likamtangaza mtakatifu. Baada yake alikuja Gregori XII mwaka 1415, aliyejiuzulu ili kumaliza mgawanyiko wa watu watatu waliodai upapa kwa wakati mmoja. Kisha karibu miaka 600 ikapita bila mwingine.

Kuhusu nguo: mwaka 2014 mwandishi wa Italia, Andrea Tornielli, alimwuliza Benedikto swali lako hilo hilo. Alijibu kwa barua kwamba siku zile hapakuwa na nguo nyingine tayari. Watu walicheka wakaridhika. Mimi sijaridhika. Roma imejaa mafundi wa kanzu, na kanzu nyeusi ya padre si kitu cha kusubiri miezi. Nadhani hakutaka kuonekana ameukana upapa wake, akavua baadhi tu: viatu vyekundu aliviacha, na pete ya Mvuvi ilichanjwa isitumike tena kupiga muhuri. Alikaa kwanza Castel Gandolfo, nje ya Roma, kisha Mei 2013 akarudi katika monasteri ya Mater Ecclesiae ndani ya bustani za Vatikani, na humo alifia. Kwa hiyo umeona sawasawa, mzee wangu: wawili walibaki chomboni, ingawa mmoja tu ndiye aliyeshika usukani. Papa Fransisko aliliona jambo hilo. Mwaka 2022 alisema kwamba yeye akijiuzulu ataitwa askofu mstaafu wa Roma, basi, wala hatakaa Vatikani. Hakujiuzulu, kwa hiyo hatukuona.

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu, na shikamoo. Nyumbani kwetu amani imeondoka. Shemeji yangu anatuma katika kundi la familia video za Wakatoliki wa ng'ambo wanaosema Papa Benedikto hakujiuzulu kihalali: eti alitumia makusudi neno la Kilatini lisilo lenyewe, kwa hiyo Fransisko hakuwa Papa na Leo naye si Papa. Sasa kwenye Misa padre akilitaja jina la Papa, yeye anakohoa. Mume wangu ananyamaza kwa sababu ni kaka yake mkubwa. Mimi Kilatini sikusoma. Nimjibu nini?
*Mama wa jumuiya, Maweni, Malindi*

Milele na milele, amina. Marahaba, mwanangu.

Kilatini mimi nilichapiwa fimbo seminari ndogo, kabla sijatoka na kwenda kushika chaki, kwa hiyo tamko lile nimelisoma lenyewe. Ni fupi, linaenea katika ukurasa mmoja. Nina hakika shemeji yako ametazama saa nyingi za watu wakilieleza tamko hilo na hajawahi kukaa nalo kwa dakika tano zinazotosha kulisoma.

Benedikto alilisoma Jumatatu, Februari 11, 2013, mbele ya makardinali walioitwa kwa shughuli nyingine kabisa, ya kupitisha majina ya watakatifu wapya. Anasema amechunguza dhamiri yake mara nyingi mbele ya Mungu. Anasema nguvu zake, kwa sababu ya uzee, hazifai tena kwa kazi ya Petro. Anasema dunia ya leo inageuka upesi, na kuiongoza mashua ya Petro kunahitaji nguvu za mwili na za roho, nazo kwake zimepungua miezi ya karibuni. Kisha, kwa uhuru kamili, anajiuzulu huduma ya Askofu wa Roma.

Hapo ndipo watu wa video wanapong'ang'ania. Sheria, wanasema, hutaja *munus*, wadhifa. Yeye katika sentensi ile alitaja *ministerium*, huduma. Basi, wanasema, aliachia kazi akabaki na cheo. Msomee shemeji yako sentensi ile hadi mwisho, maana wao huikatia katikati. Inaendelea hivi: kwa namna kwamba kuanzia Februari 28, 2013, saa mbili usiku ya Roma, kiti cha Roma, kiti cha Mtakatifu Petro, kitakuwa wazi, na konklave ya kumchagua Papa mpya lazima iitishwe na wanaohusika. Mtu hawezi kusema kiti kitakuwa wazi huku akikusudia kubaki amekikalia. Tena neno *munus* nalo limo mistari michache juu yake, pale anaposema nguvu hazimtoshi kuutekeleza wadhifa huo. Yote mawili aliyatumia kuzungumzia jambo moja.

Tazama na alichofanya. Asubuhi ya Februari 28 aliwaambia makardinali kwamba miongoni mwao yumo Papa ajaye, na kwamba tangu siku hiyo anamwahidi heshima na utii bila masharti. Mwaka uliofuata, katika barua ile ile kwa Tornielli, aliandika kwamba hakuna shaka yoyote juu ya uhalali wa kujiuzulu kwake na kwamba dhana za kinyume ni upuuzi mtupu. Aliishi karibu miaka kumi baada ya kujiuzulu. Kama alificha siri ndani ya Kilatini, alikuwa na muda wa kutosha kuitoa.

Sikatai kwamba moto huu uliongezewa kuni kutoka ndani. Katibu wake, Askofu Mkuu Georg Gänswein, Mei 2016 alizungumza Roma juu ya huduma ya Petro iliyopanuka, yenye mmoja atendaye na mwingine atafakariye. Hotuba ile ilikuwa ya bure, kusema kweli. Mtu aliyekaa karibu hivyo na mzee angepima maneno yake zaidi. Lakini hata Gänswein hakusema kuna Mapapa wawili.

Jambo la mwisho nakuandikia kwa uzito. Mwanzoni mwa 2024 padre mmoja wa jimbo la Livorno, Italia, alitangaziwa kutengwa na Kanisa baada ya kumwita Papa Fransisko mnyang'anyi wa kiti katika mahubiri. Shemeji yako si padre na hakuhubiri, ila afahamu kwamba anachokikohoa si maoni kama ya mpira. Na mwulize, kwa heshima, si katika kundi bali akiwa amekaa anakunywa chai: Benedikto alifariki Desemba 31, 2022, tangu siku hiyo, kwa hesabu yake yeye, Papa ni nani? Umpe muda ajibu. Mume wako usimsukume aingilie. Kaka mkubwa hakosolewi na mdogo wake mbele ya shemeji, unajua mwenyewe mambo ya kwetu.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Mpeketoni, nasaidia jarida dogo la parokia. Nimepewa kazi ya kuandika jinsi vyombo vya habari vya Kikatoliki vilivyokieleza kitendo cha Papa Benedikto. Nimesoma hadi kichwa kinazunguka. Huyu anasema ni unyenyekevu, yule anasema ni kashfa za nyaraka zilizovuja, mwingine anasema ameteremka msalabani. Nianzie wapi?

Marahaba. Anza na mwanamke anayeitwa Giovanna Chirri, mwandishi wa shirika la habari la Italia, ANSA. Siku ile waandishi walikuwa wakifuatilia shughuli kwenye runinga ya ndani. Papa aliposoma tamko lake, wengi hawakushtuka kwa sababu hawakuelewa. Chirri alielewa Kilatini. Saa 5:46 asubuhi ya Roma habari ikatoka kwake, huku kwetu ikiwa saa 7:46 mchana. Kila mara kijana anaponiambia lugha za zamani hazina faida, namtajia jina hilo.

Hapa Malindi Februari ni msimu wa Wataliano. Nilikuwa kwa kinyozi. Mzee mmoja Mtaliano, amejaa povu kidevuni, alipigiwa simu kutoka kwao, akasimama na taulo shingoni akatutangazia. Tulidhani Papa amekufa. Tulipoelewa kwamba yu hai na ameacha kazi mwenyewe, kinyozi aliuliza kama hilo linaruhusiwa. Na kumbuka usiku ule ule Kenya nzima ilikuwa inangoja mdahalo wa wagombea urais, uchaguzi ukiwa Machi 4. Mjini watu walichanganya mambo mawili hayo bila huruma: mmoja anaachia asichoombwa kuachia, wengine wanagombania. Mwezi ule tulingoja matokeo mara mbili, ya tume ya uchaguzi Machi 9 na ya moshi mweupe wa Vatikani, unaotangaza Papa mpya, Machi 13. Katika konklave ile alikuwamo Kardinali John Njue wa Nairobi, na si wachache hapa waliojiaminisha kwamba angetoka na kanzu nyeupe.

Sasa maoni. Hoja ya msalaba ilitoka kwa watu wazito. Kardinali Stanisław Dziwisz wa Krakow, aliyekuwa katibu wa Yohane Paulo II, aliwaambia waandishi kwamba Papa wake alibaki hadi mwisho kwa kuwa aliona kwamba msalabani hakuteremkwi. Vyombo vya habari vikaukamata msemo huo vikawapiganisha marehemu na aliye hai. Benedikto alijibu bila kumtaja mtu, katika katekesi (mafundisho) yake ya mwisho uwanjani, Februari 27: siuachi msalaba, nabaki kwa namna mpya karibu na Bwana aliyesulubiwa. Ukitaka kuwa mwandishi wa haki, weka sentensi zote mbili katika aya moja. Nimesoma makala nyingi za Kanisa zilizotaja ya kwanza bila ya pili, na nyingine zilizotaja ya pili kana kwamba hakuna aliyewahi kusema ya kwanza.

Kashfa usiiruke. Mwaka 2012 nyaraka za ofisi ya Papa zilivuja hadi zikachapishwa. Mtumishi wake wa nyumbani, Paolo Gabriele, alikamatwa Mei, akahukumiwa Oktoba, na kabla ya Krismasi Papa mwenyewe alimtembelea kizuizini na kumsamehe. Makardinali watatu walifanya uchunguzi wao na kumpa ripoti. Februari 2013, kiti kikiwa bado hakijawa wazi, gazeti la La Repubblica likaandika kwamba ripoti hiyo ndiyo iliyomwangusha. Sekretarieti ya Vatikani ikajibu kwa ukali kuhusu habari zisizothibitishwa zinazotaka kuelekeza kura za makardinali. Kwa upande wao, magazeti yetu ya Kanisa yalimimina asali hadi habari yenyewe ikazama: unyenyekevu, unyenyekevu, unyenyekevu, na si mstari mmoja juu ya Gabriele. Msomaji anayejua kwamba umemficha kitu hatakuamini hata pale unaposema kweli.

Na sababu yenyewe? Benedikto alishaisema kabla hajaulizwa. Mwaka 2010, katika kitabu cha mahojiano na mwandishi Mjerumani Peter Seewald, alisema Papa akitambua waziwazi kwamba mwili na akili haviwezi tena kazi yake, ana haki ya kujiuzulu, na pengine hata wajibu. Kitabu kiliuzwa dunia nzima. Ajabu yake, wachambuzi wengi baadaye walipenda zaidi kisa cha Aprili 2009, alipotembelea L'Aquila baada ya tetemeko na kuliacha palio lake, kitambaa cha sufu cha mabegani, juu ya kaburi la Selestini V. Wakasema ile ilikuwa ishara. Labda. Lakini ukiwa na maneno yaliyochapishwa, ya nini kuhangaika na kitambaa?

Kisha likaja lingine. Baada ya kifo cha Benedikto, Seewald alitoa barua aliyoandikiwa naye Oktoba 2022. Mzee alieleza kwamba kiini cha uamuzi wake kilikuwa kukosa usingizi, tatizo lililomwandama tangu siku za vijana wa dunia kule Cologne, Ujerumani, Agosti 2005, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa. Dawa kali alizopewa zilisaidia kwanza, kisha zikafikia mwisho wake. Katika safari ya Mexico, Machi 2012, aliamka akakuta leso imelowa damu, lazima alijigonga bafuni usiku bila kujua. Daktari akasisitiza dozi ipunguzwe, na safari ndefu zijazo asihudhurie isipokuwa shughuli za asubuhi tu. Mbele yake palikuwa na Rio de Janeiro, Julai 2013, kwa vijana wa dunia nzima. Akaona haiwezekani. Fikiria kurasa zote zilizoandikwa kuhusu njama za mabenki na makundi ya siri, na hapo katikati yupo mzee wa miaka 85 asiyelala usiku.

Soma pia mazungumzo yake na mapadre wa Roma ya Februari 14, siku tatu baada ya tamko. Alisema bila karatasi. Alisimulia Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, ambao aliuhudhuria kijana akiwa mtaalamu wa Kardinali Frings wa Cologne, akasema palikuwa na Mtaguso wa mababa, yaani maaskofu wenyewe, na palikuwa na Mtaguso wa vyombo vya habari, na huu wa pili ndio uliowafikia watu, kwa sababu ulielezwa kwa kipimo cha siasa: nani kapata nguvu, nani kapoteza. Sidhani alichagua mada hiyo kwa bahati wiki ile. Makala yako ingeweza kuanzia hapo, kisha ukamhoji paroko wako na bibi mmoja wa parokia waliyosikia wao siku ile, na kwa njia gani. Mpeketoni kuna watu wanaokumbuka. Uandike kwa maneno yao, usiwasahihishe.

Mwalimu, ni kweli radi ilipiga Basilika la Mtakatifu Petro usiku wa siku ile ile? Je, ilikuwa ishara?
*Msomaji, Watamu*

Kweli. Picha ipo na ni halisi, ilipigwa jioni ya Februari 11 wakati wa mvua. Asubuhi yake Kardinali Angelo Sodano alikuwa amesema tangazo limewafikia kama radi katika anga safi, basi watu wakaunganisha. Kuba lile ni refu na kilele chake ni cha metali. Radi hulipiga hata siku ambazo hakuna aliyejiuzulu.

Shikamoo Mwalimu. Mwenyekiti wa halmashauri ya parokia yetu amezeeka, hasikii vizuri, na mikutano yake haiishi. Tumefikiri kumsomea tamko la Papa Benedikto mbele ya wajumbe wote ili apate wazo. Unatushauri nini?
*Wajumbe wanne, Gede*

Marahaba. Msithubutu. Mmesoma hapo juu kwamba sharti la kwanza ni hiari, nanyi mmekuja wanne. Papa Fransisko alitumia kiti cha magurudumu miaka yake ya mwisho na alifia kazini, akiwa amewabariki watu uwanjani siku ya Pasaka, siku moja kabla. Hakuna aliyemsomea kitu.

Nendeni kwa paroko, mwulizeni kipindi cha uongozi cha halmashauri kinakwisha lini na uchaguzi umepangwa lini. Wakati huo mnunulieni mwenyekiti kipaza sauti kizuri, na mmoja wenu akae karibu naye amwandikie ajenda kwa herufi kubwa. Huenda mikutano ikafupika. Na toleo hili msimpelekee.